Nyumba ya Dar ukiwa Moshi: ya kufanya kabla ya safari ya Desemba

Kuanzia katikati ya Desemba, mitaa ya Mbezi, Kimara, Goba, Tabata na Segerea hupungua watu. Magari yanaelekea Chalinze, mabasi ya Moshi, Rombo na Arusha yanajaa, na kila mtu jijini anajua nani amekwenda nyumbani na takriban atarudi lini. Wezi nao wanajua. Hawana haja ya kupeleleza kwa miezi. Kalenda inawaambia kwamba nyumba nyingi zitakaa bila mwenyewe kuanzia tarehe 20 hivi mpaka shule zinapokaribia kufunguliwa Januari.

Haya yanahusu nyumba ya kawaida ya Dar: fensi ya matofali, geti la chuma, grili madirishani, bati juu, tanki la maji uani na LUKU. Aliyepanga vyumba viwili kwenye nyumba ya pamoja ataruka ya geti na fensi, lakini mengine yote ni yake pia.

Ukiwa Marangu au Machame uko kutwa nzima ya barabara kutoka kwenye mlango wako. Kufuli, grili na kamera haviwezi kumkamata mtu. Kazi yake ni kumchelewesha mwizi, au kukujulisha, mpaka mtu aliye karibu afike au apige kelele. Kama huyo mtu hayupo, mwizi ana usiku mzima, na hakuna chuma kinachostahimili usiku mzima wa mtaimbo na msumeno. Watu wengi huanza maandalizi kwa kununua kufuli jipya. Anza na mtu.

Mtu wa kuiangalia

Unahitaji watu wawili wenye kazi tofauti. Wa kwanza ni jirani anayeliona geti lako kutoka kwake. Huyu hahitaji ufunguo. Anahitaji kujua siku unayoondoka, siku unayorudi, nani ameruhusiwa kuingia na kwa gari gani, na namba zako mbili za simu, kwa sababu kule mgombani mtandao mmoja ukikataa mwingine unaweza kushika. Mwambie wazi: "Ukiona lori au pikapu imeegeshwa getini kwangu inapakia vitu, hata kama waliomo wanasema nimewatuma, nipigie kwanza." Wizi wa mchana kwa gari, wezi wamevaa ovaroli kama mafundi au wahamishaji, hufanikiwa kwa sababu kila jirani anadhani mwenzake ana taarifa.

Wa pili ni mwenye ufunguo: ndugu, rafiki wa karibu au mtu wa kanisani au msikitini unayemwamini, anayeweza kufika ndani ya nusu saa. Huyu apite walau mara mbili kwa wiki, na asipite saa ile ile kila mara. Akifika asiishie kwenye geti. Azunguke nyumba nzima, asukume kila dirisha kwa mkono, atazame bati upande wa nyuma, aguse mlango wa jikoni, kisha akupigie akiwa bado yuko pale. Mtumie nauli na hela ya vocha kabla hujaondoka, usimwahidi. Mtu anayepanda daladala mbili kwenda kuangalia nyumba yako kwa pesa yake mwenyewe atakwenda wiki ya kwanza, ya pili ataahirisha.

Mjulishe mjumbe, na kama mtaa wako una ulinzi shirikishi, lipa mchango wa mwezi huo na ule unaofuata kabla ya safari, kisha waambie vijana wa doria nyumba itakuwa tupu kuanzia lini. Hapa wapo wanaosita, wakihofia kwamba kuwaambia walinzi ni kutangaza. Kwa maoni yangu, kuficha kunaleta hasara zaidi. Doria isiyojua kwamba nyumba ni tupu itaona taa inawaka ndani saa 8 usiku na kupita zake. Kama hofu yako ni mtu mmoja mahususi, zungumza na mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa peke yake. Chukua pia namba ya askari wa kata yako. Namba ya dharura ya polisi ni 112 na ya Zimamoto ni 114. Mwandikie mwenye ufunguo kwenye karatasi, pamoja na namba ya nyumba, jina la barabara na alama inayojulikana na kila mtu, kwa mfano "njia ya kushoto baada ya duka la dawa". Gari la polisi au la zimamoto hupoteza muda mwingi vichochoroni likitafuta nyumba ambayo aliyepiga simu hawezi kuielekeza.

Ukipata mtu wa kulala, hilo linazidi yote. Mwanafunzi wa chuo aliyebaki jijini, au ndugu anayekaa mbali na kazini kwake, mara nyingi atafurahi. Mkubaliane mapema: pesa ya kula, chumba atakacholala, wageni ndiyo au hapana, na kwamba hatalala nje hata usiku mmoja bila kukuambia. Kumwacha dada wa kazi peke yake ili "nyumba iwe na mtu" si ulinzi. Ni kumweka yeye hatarini. Naye ana kwao na ana sikukuu yake. Mpe likizo, nauli na mshahara wake, akabidhi ufunguo.

Mtu akilala ndani, hakikisha anaweza kutoka. Nyumba nyingi zina grili kila dirisha na geti la korido lenye kufuli. Moto ukianzia sebuleni usiku, geti hilo likiwa limefungwa na ufunguo haujulikani ulipo, hana pa kupita. Ufunguo wa geti la korido na wa mlango wa nyuma uning'inie mahali pamoja anapopafikia gizani, lakini mbali na dirisha, walau mita 2. Sababu ya hizo mita 2 nitaieleza kwenye madirisha.

Dalili za nyumba tupu

Uwanja ndio unaosema kwanza. Majani ya mwembe au mwarobaini yaliyojikusanya chini ya geti, buibui aliyefuma kutoka nguzo hadi komeo, kipeperushi kilichochomekwa kwenye upenyo wa geti tangu Jumatatu, na Alhamisi bado kipo. Anayepita kila siku anasoma hayo bila kusimama. Mtafute kijana wa kufagia mbele ya geti mara mbili au tatu kwa wiki. Hahitaji kuingia ndani. Jirani anaweza kutoa mfuko wake mmoja wa taka getini kwako siku gari la taka linapopita. Ukiwa na gari la pili, liache uani ikiwezekana, lakini lisikae pale pale siku zote kama kigae cha ukuta. Mwenye ufunguo anaweza kulisogeza. Lakini funguo zake zisibaki ndani ya nyumba.

Taa ya nje inayowaka saa 6 mchana ni tangazo baya kuliko giza. Usiwashe taa za barazani na kuziacha wiki tatu. Tumia taa zenye sensa ya mwanga, zinazojiwasha magharibi na kujizima alfajiri. Ukiifunga, hakikisha sensa haitazami taa yenyewe wala ukuta mweupe unaorudisha mwanga, kwa sababu itadhani kumekucha, itazima, itaona giza, itawasha, na utakuwa na taa inayopepesa usiku kucha. Za sola ni nzuri pia umeme unapokatika, ila futa vumbi kwenye paneli siku moja kabla ya safari na uangalie kama bado inawaka saa 10 usiku. Betri iliyozeeka huwaka vizuri saa 2 na kufa kabla ya saa 6, na saa wanazopenda wezi ni kati ya 8 na 10.

Ndani, taa moja ya sebuleni yenye taima ya kuchomeka ukutani, iwake saa 1 jioni na kuzima saa 4 na nusu, inatosha. Angalia aina ya taima. Zile za kuzungusha, zenye meno pembeni, husimama umeme ukikatika. Ukikatika kwa muda wa saa 5, taima inachelewa saa 5, na taa ya jioni itawaka usiku wa manane na kuzima karibu alfajiri. Nunua yenye skrini na betri yake ndani.

Mapazia yaache kama yanavyokaa siku zote, ila yafunge yale ambayo mtu akisimama njiani anaona runinga ukutani. Nyumba iliyofungwa kila pazia mchana kutwa, siku kumi mfululizo, inajieleza.

Vitasa, makufuli na geti

Kabla ya kufikiria kufuli kubwa, jiulize funguo za mlango wako ziko ngapi duniani. Fundi wa kuchonga funguo pale kituoni anatoa nakala kwa dakika chache na haulizi ni wa nani. Aliyekuwa mpangaji kabla yako, dada wa kazi wa miaka miwili iliyopita, fundi jipsamu aliyeachiwa ufunguo wiki nzima: yeyote kati yao anaweza kuwa na nakala, au ameipoteza mahali. Kama huna hakika, badilisha silinda ya kitasa. Kazi hii haihitaji fundi.

Silinda ni kile kipande chenye tundu la ufunguo, kinachopita katikati ya kitasa kutoka nje hadi ndani. Acha mlango wazi, utazame ubavu wake, pale ulimi wa kitasa unapotokea. Kwenye bamba hilo, usawa na tundu la ufunguo, kuna skrubu moja ndefu. Ifungue mpaka itoke yote. Ingiza ufunguo na uuzungushe kidogo sana huku unavuta silinda taratibu. Kuna kijino katikati yake ambacho lazima kilale ndani ya mwili wa silinda ndipo ichomoke. Ukivuta kwa nguvu kijino kikiwa kimetokeza, utaharibu kitasa. Ikitoka, pima kwa rula kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi ncha ya nje, kisha hadi ncha ya ndani. Nyingi ni milimita 35 kwa 35, yaani 70 kwa jumla, lakini mlango mnene wa mninga unaweza kutaka 40 upande mmoja. Nenda dukani na ile ya zamani mfukoni.

Urefu una maana. Silinda ikitokeza nje ya bamba la mlango zaidi ya milimita 3, inashikika kwa koleo au spana ya bomba na kuvunjwa, na huvunjika pale pale kwenye tundu la skrubu, kwa sababu ndipo chuma kilipo chembamba zaidi. Kuwa na kitasa cha bei kubwa hakusaidii kama silinda yake imetokeza sentimita nzima. Ikiwa hupati ya kipimo, fundi akuwekee bamba nene la chuma la kuizunguka. Ukishaweka, jaribu ufunguo mlango ukiwa wazi kwanza, ndipo ufunge. Wapo watu waliojifungia nje kwa kuruka hatua hii.

Kisha tazama fremu, upande ulimi unapoingia. Bamba la pale mara nyingi limeshikwa na skrubu mbili za inchi 1, na mlango ukipigwa teke ndizo zinazong'oka, kitasa kikiwa kizima kabisa. Weka skrubu za inchi 3. Kwenye fremu ya mbao ngumu toboa kwanza kwa drili, vinginevyo mbao inapasuka au skrubu inakatika kichwa.

Kwa geti, linalovunjwa mara nyingi si kufuli bali masikio yanayolibeba. Mafundi wengi huyashika kwa nukta tatu nne za kuchomelea. Mtaimbo mmoja, yametoka. Mwambie fundi achomelee mzunguko mzima, pande zote, na achomelee pia misumari ya bawaba ili geti lisiweze kunyanyuliwa na kutolewa. Upinde wa kufuli uwe na unene wa milimita 10 au zaidi, wa chuma kilichokazwa, na masikio yabane kiasi kwamba mkasi wa kukatia chuma haupati pa kuingia. Bora zaidi, geti lifungwe kwa ndani kupitia tundu la mkono, kufuli likiwa limezungukwa na kiboksi cha bamba. Kufuli kubwa linaloning'inia nje ya geti linasema wazi kwamba ndani hakuna mtu.

Kigamboni, Mbezi Beach na Kunduchi hewa ya chumvi hula makufuli. Usitie oili ya injini. Inashika vumbi na mchanga na baada ya wiki tatu ufunguo haugeuki. Kwangua risasi ya penseli, utie unga wake kwenye tundu, au tumia mafuta mepesi ya mashine ya cherehani kidogo sana. Fungua na kufunga mara kumi. Ufunguo unaokwama leo utakwama zaidi mkononi mwa mtu mwingine, usiku, mvua ikinyesha.

Madirisha na bati

Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yana loki ndogo isiyofaa kutegemewa. Kata kipande cha ubao au bomba lenye urefu wa nafasi iliyobaki kwenye reli ya chini, kilaze humo; dirisha halitasukumika hata loki ikivunjwa. Upande wa juu, funga skrubu moja fupi ndani ya reli, ili kioo kisiweze kunyanyuliwa na kutolewa. Hakikisha tu kinapita bila kukwaruza.

Grili ni jambo la kupima, si la kuangalia kama lipo. Nondo ya milimita 12 iliyojaa ndani ni afadhali kuliko bomba la mraba lenye uwazi, ambalo linaonekana nene lakini msumeno wa chuma unalimaliza haraka. Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 10. Nafasi kubwa ikiruhusu jeki ya gari kuingia, mwizi huitega katikati na kuipandisha, nondo zinapinda pole pole bila kelele ya maana, na mtoto mwembamba anaingizwa. Dawa yake ni vyuma bapa vya kukatisha, kila sentimita 40 hivi, vilivyochomelewa kwenye kila nondo. Kama grili imefungwa kwa skrubu na fisha upande wa nje, mwenye bisibisi anaitoa yote. Mwite fundi achomelee vichwa vya skrubu hizo.

Sasa zile mita 2. Mwizi wa dirishani hana haja ya kuingia. Anachana wavu wa mbu, anaingiza fimbo ndefu yenye kulabu au gundi, na anavua funguo mezani, simu, mkoba, suruali iliyotundikwa. Kwenye nyumba tupu anachotafuta kwa fimbo ni funguo. Ukiacha funguo za akiba kwenye kijimsumari karibu na mlango wa jikoni, dirisha likiwa pembeni, umemkabidhi.

Bati ndiyo sehemu ambayo watu huisahau. Anapanda upande wa nyuma, usioonekana na jirani, ananyanyua bati mbili na kupasua dari la jipsamu kwa mguu. Huwezi kuweka grili juu ya paa lote, lakini unaweza kumnyima ngazi. Toa ukutani mapipa, matofali yaliyobaki, mbao za fundi na ngazi yenyewe, ifungie stoo. Kata tawi la mwembe linalofika juu ya bati. Kama tanki lako liko kwenye kinara kifupi kilichogusana na ukuta, hiyo ni ngazi tayari. Safu tatu za chini za bati zifungwe kwa skrubu za bati badala ya misumari, kwa sababu msumari unang'oka kwa mtaimbo mdogo. Halafu weka vya thamani kwenye chumba kilicho ndani ya geti la korido, ufunge geti na mlango wa chumba, ili hata akishuka kwenye dari la sebule akute kazi nyingine ya kelele mbele yake. Kama kuna mtu analala, lazima naye awe na funguo hizo ndani.

Umeme, maji, gesi

Hesabu yuniti kabla ya kuondoka, kwani LUKU ikiisha taa, kamera na waya wa umeme wa fensi vinazima pamoja. Kwa siku 21: taa mbili za nje za wati 9, saa 12 kila usiku, ni yuniti 4 na nusu. Ruta ya wati 10 mchana na usiku, yuniti 5. Kamera nne na kirekodi chake, wati 30 hivi kwa jumla, yuniti 15. Mashine ya waya wa umeme wa fensi, karibu 5. Jumla inakuwa 30. Acha 45 ili kuwe na akiba. Friji ikibaki inawaka, ongeza yuniti 1 hadi 1 na nusu kwa kila siku, yaani zaidi ya 20 nyingine. Kumbuka kodi ya jengo hukatwa humo humo unaponunua, hivyo usishangae pesa ile ile ikikupa yuniti pungufu mwezi unapoanza. Andika namba ya mita kwenye simu yako. Ukiwa Moshi unaweza kununua na kumtumia mwenye ufunguo zile tarakimu 20, lakini kama mita iko juu ya nguzo na rimoti yake iko ndani ya chumba ulichokifunga, tarakimu hazitamsaidia.

Chomoa runinga, redio, maikrowevu, chaja na pasi. Usizime kwa rimoti tu. Umeme unaporudi baada ya kukatika huja wakati mwingine kwa nguvu isiyo ya kawaida na kuunguza kilichochomekwa. Zima sakiti ya hita ya maji na ya jiko la umeme kwenye boksi la breka. Friji ni afadhali kuimaliza: siku tatu za mwisho kuleni kilichomo, iyeyushe, ifute, iache wazi kidogo kwa kuweka kitambaa mlangoni ili isiote ukungu. Ukilazimika kuiacha inawaka na nyama ndani, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta sarafu chini ya kikombe, umeme ulikatika muda mrefu, barafu ikayeyuka na kuganda tena. Nyama hiyo usiile hata kama imeganda sawasawa.

Funga koki kuu ya maji pale kwenye mita, na koki inayotoka kwenye tanki kuingia ndani. Vile vibomba laini vya kupeleka maji kwenye tanki la choo na sinki hupasuka bila taarifa, na nyumba ikiwa tupu maji hutiririka mpaka tanki liishe. Boya la tanki likikwama nalo, maji ya mtaani yatamwagika siku nzima: bili inapanda, msingi unalowa, na wapita njia wanaona maji hayafungwi na mtu. Zima pampu kwenye breka.

Mtungi wa gesi, wa kilo 6 au 15, ufungwe na kichwa chake kitolewe kabisa. Mpira wa zamani huvuja polepole, na chumba kilichofungwa wiki tatu kinakusanya gesi chini sakafuni.

Kamera, karatasi na simu

Kamera ni jicho lako, si mkono wako. Kabla ya kuinunua jibu hili: ikikuonyesha mtu uani saa 9 usiku nawe uko Rombo, utampigia nani, na huyo anapokea simu saa 9? Ukishapata jibu, ifunge juu, mita 2 na nusu hadi 3, ikitazama geti kwa ndani na si dirisha la jirani. Ruta iwe na betri ya akiba, bando liwe la kutosha mwezi mzima, na kirekodi kisikae sebuleni chini ya runinga, maana ndicho kitakachobebwa pamoja nayo.

Piga picha kibandiko cha nyuma ya runinga, kompyuta, friji na jenereta, mahali palipoandikwa namba ya kifaa. Simu zinazobaki, bonyeza *#06# na uhifadhi namba. Polisi wanapokamata vitu vya wizi, runinga za inchi 43 zinafanana zote, na mwenye namba ndiye anayeondoka na yake. Risiti, hati ya nyumba au leseni ya makazi na vyeti visibaki kwenye begi juu ya kabati. Vipeleke kwa mtu au benki, na uhifadhi nakala kwenye barua pepe yako. Kama una bima ya vitu vya ndani, soma kabla ya safari: mikataba mingi hailipi nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku zilizotajwa, mara nyingi 30, na hailipi wizi usio na dalili ya kuvunja.

Picha za Kilimanjaro ziweke ukirudi. Wanaoona status yako ya WhatsApp si ndugu tu: yumo fundi bomba, muuza mkaa, bodaboda, mpangaji wa zamani. Ukishindwa kusubiri, kwenye mipangilio chagua watu wachache wa kuziona. Waambie watoto pia, kwa sababu wao ndio wanaotangaza mapema zaidi.

Siku ya kuondoka na siku ya kurudi

Pakia mizigo ndani ya fensi, geti likiwa limefungwa. Basi la saa 12 asubuhi pale Mbezi kwa Magufuli linafanya watu wengi kutoa masanduku barabarani saa 10 usiku, bodaboda wawili wakisubiri na kuuliza, "Safari ya wapi, mama? Mnarudi lini?" Gari likuchukue ndani. Mtu mmoja tu, na si kila mtu kidogo kidogo, afunge nyumba kwa mpangilio: gesi, koki, breka, madirisha moja moja kwa mkono, bati kwa macho, mlango wa nyuma, korido, mlango wa mbele, geti. Piga picha kila ulichofunga. Utakapofika Same ukaanza kujiuliza kama ulifunga gesi, picha itakujibu.

Ukirudi, kabla ya kufungua geti, izunguke nyumba kwa nje. Ukiona dalili ya kuvunjwa usiingie: anaweza kuwa bado yumo, na ukigusa mlango unafuta alama. Piga 112, mwite mjumbe na jirani washuhudie, piga picha, kisha nenda kituoni ukaandikishe na uondoke na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Bila hiyo bima haitakusikiliza na namba za vifaa ulizohifadhi hazitakuwa na jalada la kuingia. Kama kila kitu ni salama, fungua milango na madirisha yote kwa dakika 15 kabla ya kuwasha chochote. Rudisha kichwa cha gesi, paka povu la sabuni kwenye maungio utazame mapovu. Fungua koki kuu robo tu, bomba moja likiwa wazi, hewa itoke pole pole, ndipo uifungue yote. Friji iwashe ikiwa tupu, usubiri saa kadhaa ipoe. Na kabla ya kulala, zikusanye funguo zote ulizogawa na uzihesabu.